Insulini au IGF-1, seli ya misuli au ya mafuta: namna ya kuchagua unapotaka kupima uingiaji wa glukosi kwenye seli

Mwanafunzi wa shahada ya uzamili mwenye dondoo la majani ya mwarobaini, au la mmea mwingine wowote ambao waganga na bibi zetu wameuamini kwa ugonjwa wa kisukari, hulazimika kufanya uchaguzi wa mambo matatu kabla hajagusa sahani hata moja ya seli. Kwanza, atalinganisha dondoo lake na ishara ipi ya mwili: insulini, au kichochezi cha ukuaji kama IGF-1? Pili, atatumia seli za aina gani? Tatu, atapimaje glukosi iliyoingia? Nimesoma tasnifu nyingi ambamo maswali haya matatu yalijibiwa kwa kufuata kile kilichokuwepo kwenye jokofu la maabara, na matokeo yake ni namba nzuri ambazo hazijibu swali lililoulizwa. Makala haya yanazilinganisha njia hizo ili mwenye kuanza aanze na chaguo linalofaa.

Rai yangu niiweke wazi mapema. Kuuliza kama ishara fulani inaitwa homoni au kichochezi cha ukuaji hakumsaidii sana mpimaji. Kinachomsaidia ni kujua ishara hiyo inafungua mlango upi wa seli, na inachukua muda gani kuufungua. Kuna ishara zinazofanya kazi ndani ya dakika kwa kusogeza milango iliyokwisha kutengenezwa, na kuna zinazofanya kazi kwa saa nyingi kwa kuiamuru seli itengeneze milango mipya. Mtu anayelielewa hilo ataweza kuchagua seli na kipimo. Asiyelielewa atapima saa 24 baada ya kuweka insulini na kushangaa mbona tofauti ni ndogo.

Milango yenyewe

Glukosi huyeyuka katika maji, kwa hiyo haipenyi kirahisi utando wa mafuta unaoizunguka seli. Mwaka 1949 Rachmiel Levine na wenzake, wakifanya kazi Chicago, waliwapa mbwa galaktosi, sukari ambayo misuli haiitumii, wakaona kwamba insulini iliifanya sukari hiyo isambae sehemu kubwa zaidi ya mwili. Kwa kuwa misuli haikuwa ikiitumia, insulini haikuweza kuwa inaharakisha matumizi. Ilikuwa inafungua njia ya kuingilia. Miaka zaidi ya 30 baadaye njia hiyo ilipata jina. Mwaka 1985 kundi la Mike Mueckler lilitambua mfuatano wa protini ya kwanza ya kusafirisha glukosi kwa binadamu, ambayo leo huitwa GLUT1 na ina asidi amino 492 zinazoupita utando mara 12. Familia hiyo sasa ina wanachama 14 kwa binadamu.

Kwa kazi yetu wawili ndio wa kuzingatia zaidi. GLUT1 iko karibu kwenye seli zote, huwa juu ya utando muda mwingi, na hutosheleza mahitaji ya kila siku ya seli. GLUT4, iliyotambuliwa kati ya mwaka 1988 na 1989, iko hasa kwenye misuli na seli za mafuta, na wakati wa mfungo hukaa ndani ya seli katika vijifuko vidogo, ikisubiri kuitwa. GLUT2 ya ini na ya seli beta za kongosho hupitisha glukosi kwa kufuata tu kiasi kilichopo kwenye damu, na insulini haiiiti kama inavyoiita GLUT4. Jambo hili la ini nitalirudia, kwa sababu ndilo linalowapoteza wengi.

Insulini ubavuni mwa IGF-1

Insulini ina asidi amino 51. IGF-1 ina asidi amino 70, mfuatano ambao Ernst Rinderknecht na René Humbel wa Zurich waliuchapisha mwaka 1978. Zinafanana kiasi cha kuitwa ndugu, na vipokezi vyake vinafanana pia: kila kimoja kina sehemu mbili za nje zinazoshika ishara na sehemu mbili zinazopita utando na kupachika fosfati kwenye protini za ndani. Baada ya hapo njia ni moja. Protini iitwayo IRS-1 hupachikwa fosfati, humwita kimeng'enya PI3K, nacho hutengeneza alama ya mafuta iitwayo PIP3 upande wa ndani wa utando, na alama hiyo humwamsha kimeng'enya kingine, Akt. Akt hupachika fosfati kwenye AS160, ambayo jina lake lingine ni TBC1D4, na breki iliyokuwa ikivizuia vijifuko vya GLUT4 huachiliwa. Vijifuko husafiri hadi kwenye utando, huungana nao, na milango hujipanga nje. Kwamba insulini huongeza usafirishaji kwa kusogeza milango iliyopo na si kwa kutengeneza mipya kulionyeshwa mwaka 1980 na makundi mawili yaliyofanya kazi kila moja peke yake, la Samuel Cushman na Lawrence Wardzala, na la Kazuo Suzuki na Tetsuro Kono, wote wakitumia seli za mafuta za panya.

Kama kuna mtu anadhani breki ya TBC1D4 ni jambo la vitabuni tu, aitazame Greenland. Mwaka 2014 Ida Moltke na wenzake waliripoti badiliko la jeni hii ambalo huikata protini hiyo katika misuli. Badiliko hilo ni la kawaida miongoni mwa Wainuiti wa huko, na watu waliorithi nakala mbili wana uwezekano wa kupata kisukari cha aina ya pili unaokaribia mara 10 ya wengine. Sukari yao baada ya kunywa glukosi hubaki juu, hali ile ya mfungo haikupanda. Misuli yao ina GLUT4 kidogo na haivuti glukosi ipasavyo inapoamriwa na insulini. Hatua moja ya njia hii ikikosekana kwenye misuli, mwili mzima huhisi.

Ikiwa njia ni moja, tofauti iko wapi? Iko katika mambo matatu, na yote matatu yanagusa uchaguzi wako.

La kwanza ni namna ishara inavyosafiri. Insulini hutolewa na kongosho kwa mafungu kufuata mlo, huzunguka ikiwa huru, na huondolewa kwenye damu ndani ya dakika chache. IGF-1 hutengenezwa zaidi na ini kwa amri ya homoni ya ukuaji, na karibu yote hubebwa na protini sita maalumu zinazoishika, kwa hiyo kiasi chake katika damu hubadilika polepole na sehemu iliyo huru ni ndogo sana. Mwaka 1987 watafiti wa Zurich walipowachoma watu IGF-1 kwenye mshipa, sukari ya damu ilishuka kweli, lakini molekuli kwa molekuli nguvu yake ilikuwa asilimia 6 tu ya ile ya insulini. Hivyo swali linalohusu sukari baada ya kula ni swali la insulini, na IGF-1 ni mlinganisho wa pili.

La pili ni mahali vipokezi vilipo. Seli ya mafuta iliyokomaa ina vipokezi vingi vya insulini na vichache vya IGF-1. Ikiitikia IGF-1 kwa dozi kubwa, mara nyingi ni kwa sababu ishara hiyo imeshika kipokezi cha insulini. Misuli ina vyote viwili, na ina pia vipokezi mchanganyiko, nusu ya insulini na nusu ya IGF-1, ambavyo huipendelea IGF-1. Umuhimu wa hili ulijitokeza kwa namna ambayo hakuna aliyeitarajia. Mwaka 1998 kundi la Ronald Kahn lilitengeneza panya wasio na kipokezi cha insulini kwenye misuli, na panya hao hawakupata kisukari. Mafuta yao yaliongezeka, lakini sukari ya damu ilibaki ya kawaida. Miaka mitatu baadaye kundi la Derek LeRoith lilitengeneza panya ambao misuli yao ilibeba kipokezi kibovu cha IGF-1, kibovu kiasi cha kuharibu pia kazi ya vile vya mchanganyiko na ya insulini yenyewe, na hao walipata kisukari wakiwa bado wadogo. Anayefanya kazi na misuli hawezi kuisahau IGF-1.

La tatu ni dozi, na hapa naomba msomaji atulie. Insulini katika damu ya mtu mzima mwenye afya hubaki chini ya nanomola 1 hata baada ya mlo. Maabara nyingi hutumia nanomola 100 kwa seli, kwa sababu mwitikio huwa mkubwa na unaoonekana kirahisi. Kwa kiasi hicho insulini hushika pia vipokezi vya IGF-1. Mwanafunzi anayeandika kwamba ameonyesha kazi ya insulini kwenye seli changa za misuli kwa nanomola 100 huenda ameonyesha kazi ya kipokezi cha IGF-1. Njia ya kujiokoa si ngumu: pima ngazi kadhaa za dozi, kwa mfano nanomola 0.1, 1, 10 na 100, na kando yake weka IGF-1 katika nanomola 1 na 10. Mstari wa insulini unaopanda mapema unakueleza ukweli mmoja. Unaopanda mwishoni tu unakueleza mwingine.

Vichochezi vingine vya ukuaji: saa badala ya dakika

PDGF, ambayo hutolewa na chembe sahani za damu kwenye jeraha, ni mfano mzuri wa ishara inayofanana na insulini kwa karatasi lakini haifanyi kazi yake. Huamsha PI3K, naam, hata katika seli za mafuta za 3T3-L1, ila haivuti GLUT4 kwa kiasi kinachokaribia kile cha insulini. Sababu mojawapo ni kwamba seli iliyokomaa ina vipokezi vichache vya PDGF, na nyingine ni kwamba PI3K inaamshwa sehemu nyingine ya seli. Somo kwa mpimaji ni kwamba kuona Akt imepachikwa fosfati kwenye picha ya kingamwili si ushahidi kwamba glukosi imeingia. Vipime vyote viwili.

Nguvu halisi ya PDGF na ya vichochezi wenzake, EGF na FGF, kwenye glukosi huonekana katika seli zinazogawanyika, na huonekana baada ya saa kadhaa. Mwaka 1987 Jeffrey Flier na wenzake walionyesha kwamba jeni za saratani ras na src huongeza mRNA ya GLUT1, yaani nakala ya jeni ambayo seli huisoma kutengeneza protini, pamoja na usafirishaji wa glukosi; mwaka uliofuata ilionyeshwa kwamba vichochezi vya ukuaji vyenyewe, vikipewa seli zilizokuwa zimetulia, huamsha jeni hiyohiyo kwa haraka. Seli inayojiandaa kugawanyika inahitaji malighafi, na inajenga milango ya kuyapokea. Ndiyo maana uvimbe wa saratani hung'aa kwenye picha za PET mgonjwa anapopewa glukosi yenye florini-18: uvimbe umejaza utando wake GLUT1.

FGF21, ya jamii ya FGF, inastahili kutajwa peke yake. Mwaka 2005 Alexei Kharitonenkov na wenzake waliripoti kwamba huongeza uingiaji wa glukosi katika seli za mafuta, kwamba inafanya hivyo kwa kuongeza GLUT1, na kwamba athari yake hujumlika juu ya ile ya insulini. Huhitaji protini msaidizi iitwayo beta-Klotho, na kwa hiyo seli isiyo nayo haitaitikia hata ukiimwagia nyingi. Ikiwa dondoo lako la mmea halifanyi lolote kwa nusu saa lakini linafanya jambo baada ya saa 16, ishara yako ya kulinganisha ni FGF21 au kichochezi kingine cha polepole, na kipimo chako cha lazima ni GLUT1; insulini ya dakika 20 haitakusaidia kulielewa.

Ziko pia homoni zinazopinga, na nitazipitia upesi. Kortisoli na ndugu zake wa kutengenezwa maabara, kama deksamethasoni, hupunguza uvutaji wa glukosi katika misuli na mafuta, na wagonjwa wanaotumia dawa hizo kwa muda mrefu wanalijua hilo kwa vipimo vyao vya sukari. Homoni ya ukuaji huzuia kazi ya insulini inapokuwa nyingi kwa muda mrefu. Bernardo Houssay wa Argentina alipewa sehemu ya Tuzo ya Nobel mwaka 1947 kwa kuonyesha mchango wa tezi ya pituitari katika matumizi ya sukari. Glukagoni hufanya kazi yake kwenye ini na haina nafasi kwenye kipimo cha misuli. Anayetaka kuona kama dondoo lake linarudisha usikivu wa seli kwa insulini uliopotea, badala ya kuongeza usikivu wa kawaida, anaweza kuzoesha seli deksamethasoni au insulini nyingi kwa saa 24 kisha akapima. Hilo ni jaribio la thamani kubwa kuliko kupima seli zenye afya peke yake.

Seli ipi?

Seli za L6 zilitoka kwenye misuli ya panya mkubwa, kazi ya David Yaffe wa Taasisi ya Weizmann mwaka 1968. Ukizipunguzia seramu huungana na kuwa mirija yenye viini vingi, na katika hali hiyo hubeba GLUT4 na kuitikia insulini kwa dakika 20. Udhaifu wake ni kwamba mwitikio ni mdogo: usafirishaji huongezeka kwa takriban mara moja na nusu hadi mbili. Mpimaji asiye na mkono thabiti atapoteza tofauti hiyo katika makosa ya kupipeti. Kwa upande mwingine ni seli rahisi kukuza, huishi vizuri katika glukosi ya milimola 5.5 inayokaribia ile ya damu, huitikia IGF-1 pia, na zinawakilisha misuli, ambayo ndiyo inayochukua sehemu kubwa ya glukosi inayoondolewa kwa amri ya insulini.

Seli za 3T3-L1, zilizotokana na kiinitete cha panya mdogo katika maabara ya Howard Green miaka ya 1970, huanza kama seli za kawaida na kugeuzwa kuwa seli za mafuta kwa mchanganyiko wa insulini, deksamethasoni na kemikali iitwayo IBMX kwa siku 8 hadi 12. Zikigeuka vizuri, mwitikio wake kwa insulini ni mkubwa, mara kadhaa na wakati mwingine mara 10, na tofauti hiyo inaonekana hata kwa kipimo kisicho kizuri sana. Gharama yake ni muda, kemikali, na mashaka: fungu moja la seramu linaweza kuzifanya zigome kugeuka, na siku 10 zikapotea. Zaidi ya hayo zimelelewa ndani ya glukosi ya milimola 25 na insulini nyingi, hali ambayo kwa binadamu tungeiita ugonjwa. Ni lazima zikae bila seramu na bila insulini kwa saa kadhaa kabla ya kupimwa, la sivyo utapima mabaki ya insulini ya jana.

Kati ya hizo mbili, kwa mwanafunzi mwenye mwaka mmoja na bajeti ndogo, mimi huchagua L6. Tofauti ndogo yenye marudio ya kutosha ni bora kuliko tofauti kubwa inayopatikana mara moja kati ya tatu. Ila kama dondoo linadaiwa kufanya kazi kwenye mafuta, au unataka kulilinganisha na FGF21, hakuna njia ya kuikwepa 3T3-L1.

C2C12, misuli ya panya mdogo, inapendwa kwa sababu hugeuka haraka na kwa uzuri. Kwa kipimo hiki siishauri: ina GLUT4 kidogo na mwitikio wake kwa insulini hauaminiki. Seli za mafuta zinazotolewa moja kwa moja kwa panya wa maabara huitikia kuliko zote, mara 20 na zaidi, lakini zinahitaji wanyama, kibali cha maadili, na kazi ikamilike siku hiyohiyo.

HepG2 ndiyo kosa ninaloliona mara nyingi na linaloniuma zaidi, kwa sababu watu huweka nguvu za kweli ndani yake. Ni seli za saratani ya ini. Hubeba GLUT1 na GLUT2. Ini halivuti glukosi kwa GLUT4, na insulini hufanya kazi yake humo kwa kubadilisha kinachotokea baada ya glukosi kuingia, yaani kuihifadhi kama glikojeni na kuzuia kutengenezwa kwa nyingine. Kutumia HepG2 kuuliza swali la utengenezaji wa glukosi au wa glikojeni ni sahihi kabisa. Kuitumia kuandika kwamba dondoo limeiga insulini katika kuingiza glukosi ni kuuliza swali mahali ambapo jibu halipo.

Kipimo kipi?

Kipimo kinachoheshimiwa zaidi ni cha 2-deoksiglukosi yenye tritiamu, yaani hidrojeni yenye mionzi. Sukari hii hupita kwenye milango kama glukosi, hupachikwa fosfati na kimeng'enya heksokinasi, kisha hunaswa humo kwa sababu seli haiwezi kuendelea kuitumia. Seli huoshwa, huwekwa katika maji ya chumvi yasiyo na glukosi, hupewa sukari hiyo kwa mikromola chache kwa dakika 5 tu, huoshwa tena kwa maji ya barafu na kuhesabiwa. Sahani za kando hupewa saitokalasini B, inayoziba milango, ili kujua ni kiasi gani kilichoingia kwa njia nyingine au kilichobaki juu tu, na kiasi hicho hutolewa kwenye hesabu. Faida yake ni usahihi na udogo wa kiasi cha sukari kinachohitajika. Kikwazo chake ni mionzi: tritiamu hupungua kwa nusu baada ya miaka 12.3, kwa hiyo taka zake hazisahauliki, na kwa Tanzania hakuna kuigusa bila kibali cha Tume ya Nguvu za Atomiki. Kibali hicho kianze kutafutwa mwanzoni mwa mradi, si wiki ya kuanza vipimo.

Njia ya pili hutumia 2-deoksiglukosi isiyo na mionzi, kisha hupima kilichonaswa ndani kwa kimeng'enya kinachozalisha NADPH na mwishowe mwanga au rangi. Huhitaji sukari nyingi zaidi, karibu milimola 1, na kifaa cha kusoma sahani. Kwa maabara isiyo na kibali cha mionzi hili ndilo chaguo langu. Tahadhari moja: dondoo za mimea zimejaa polifenoli, kemikali za asili za mimea, na polifenoli zinaweza kubadilisha rangi ya kipimo zenyewe bila seli. Weka sahani zenye dondoo na kipimo pasipo seli hata moja, na osha kikamilifu.

Ya tatu ni 2-NBDG, glukosi iliyofungwa kwenye kipande kinachong'aa kijani. Ni rahisi, huonekana kwenye hadubini, na picha zake hupendeza kwenye tasnifu. Lakini uzito wake ni karibu mara mbili ya glukosi, na tafiti za karibuni zimeonyesha seli ambazo huichukua hata milango ya GLUT ikiwa imezibwa. Juu ya hayo, flavonoidi nyingi na klorofili hung'aa zenyewe chini ya mwanga. Kwa dondoo la mmea, 2-NBDG peke yake siikubali kama ushahidi. Inaweza kuandamana na kipimo kingine.

Ya nne, iliyo nafuu kuliko zote, ni kupima glukosi iliyobaki kwenye maji ya kukuzia seli baada ya saa 24. Huu ni upimaji wa matumizi, na si wa mlango. Berberini, ambayo hupatikana katika mimea kadhaa ya tiba, huzuia mitochondria, viwanda vya nishati vya seli. Seli inayokosa nishati huamsha AMPK, kimeng'enya kinachohisi upungufu wa nishati, na kuchoma glukosi kwa wingi, na maji hubaki na sukari kidogo. Mwandishi asiyekuwa makini ataandika kwamba amepata insulini ya miti. Seli zikiongezeka idadi nazo humaliza sukari zaidi, kwa hiyo lazima matokeo yagawanywe kwa kiasi cha protini au cha DNA.

Kuna pia jambo la kinyume ambalo ni vema mtu alijue kabla ya kukata tamaa. Kwesetini na jenisteini, ambazo ni polifenoli za mimea, huziba GLUT moja kwa moja zikiwa bado kwenye sahani. Dondoo lenye nguvu ya kusogeza GLUT4 linaweza kuonekana halina faida, au hata lina madhara, kwa sababu tu halikuoshwa kabla ya kuongeza deoksiglukosi. Niliwahi kushauri dondoo litupwe kwa sababu hiyo, na baadaye, baada ya kuoshwa mara tatu, lilionyesha mwitikio ulioshinda ule wa kudhibitia. Tangu hapo nataka kuona jaribio la aina mbili, lenye dondoo wakati wa kupima na lisilo nalo.

Kuoanisha

Ukitaka kujua kama dondoo linaiga insulini, tumia mirija ya L6, dakika 20 hadi 30, ngazi za dozi za insulini na IGF-1 kando, na 2-deoksiglukosi kwa tritiamu au kwa kimeng'enya. Ongeza wotmanini, inayozima PI3K: ikiwa athari ya dondoo inabaki hata PI3K ikizimwa, huenda linapita njia ya AMPK, ileile ambayo misuli hutumia wakati wa mazoezi, na hapo insulini haikuwa mlinganisho sahihi. Panya wasio na kipokezi cha insulini kwenye misuli bado huvuta glukosi wanapokimbia, jambo linaloonyesha jinsi njia hizo zilivyotengana.

Ukitaka kujua kama linafanya kazi polepole, ipe seli saa 16 hadi 24, tumia 3T3-L1 na FGF21 kama kipimo cha kulinganisha, na upime mRNA na protini ya GLUT1 pamoja na uingiaji wenyewe. Ukitaka kujua kama linasaidia seli iliyokwisha kuwa sugu, ifanye sugu kwanza kwa insulini nyingi, kisha ulipe dondoo nafasi yake, na usisahau sahani ya insulini pasipo dondoo.

Kabla ya hayo yote, gandisha vichupa vingi vya seli za L6 zikiwa bado changa, kabla hazijaungana, na usizitumie baada ya kuzipandikiza mara nyingi, kwa sababu hupoteza uwezo wa kuungana na pamoja nao hupoteza GLUT4. Kila wiki, kabla ya kuweka dondoo, jaribu insulini peke yake. Wiki ambayo insulini haiongezi angalau nusu ya kiwango cha msingi, vipimo vyote vya wiki hiyo viwekwe pembeni na seli mpya zitolewe kwenye barafu.